Baiskeli za Umeme: Sheria Imeshika Mkia, Kichwa Kinapita

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa jumuiya yetu, London Mashariki. Waliokosa kufika waliomba yaandikwe, nami nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, na nyie vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mnangoja oda, habari za jioni.

Katibu aliponipigia simu alitaka nizungumzie shinikizo la damu. Shinikizo lipo, na chumvi mnayoitia kwenye pilau naiona, lakini leo niruhusuni nizungumze siasa. Tena siasa ya baiskeli! Najua wapo watakaoguna. Katika ukumbi huu tumezoea kujadili katiba mpya, uraia pacha, na kwa nini balozi hapokei simu. Baiskeli ni jambo la watoto. Lakini hebu geuzeni shingo mtazame nyuma. Ni vijana wangapi pale wanaokula, wanaolipa pango na kutuma hela nyumbani kwa kupeleka chakula cha watu kwa baiskeli ya umeme? Sisi tulipofika kazi ilikuwa kubeba maboksi. Siku hizi boksi liko mgongoni na ndani mna chakula cha moto.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi idara ya dharura. Siri za wagonjwa sitazitoa hapa na hata mkinibembeleza baadaye kwenye chai sitasema. Naweza kusema tu kwamba haya mambo mawili, baiskeli zinazokwenda kama pikipiki na betri zinazolipuka, kwangu si habari za gazetini.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaizungumzia bila kuijua. Kanuni za baiskeli za umeme hapa Uingereza ni za mwaka 1983. Zilipotoka, mota iliruhusiwa wati 200 kwa baiskeli ya kawaida na mwendo wa maili 15 kwa saa. Mwaka 2015 zikarekebishwa ili zilingane na za Ulaya: wati 250, na mota inatakiwa ikate msaada wake ukifika maili 15.5, yaani kilomita 25 kwa saa. Ukitaka kwenda zaidi ya hapo nenda, lakini kwa miguu yako. Pedali lazima ziwepo na zifanye kazi. Mwendeshaji awe ametimiza miaka 14. Ukiwa ndani ya mipaka hiyo huhitaji leseni, bima wala namba ya usajili. Serikali inakuhesabu kama mtu yeyote mwenye baiskeli.

Ukitoka nje ya mipaka hiyo, mambo yanageuka kabisa. Baiskeli ya wati 1,000 inayokwenda kwa kuzungusha mkono bila kukanyaga pedali, mbele ya sheria si baiskeli tena. Ni chombo cha moto. Kinatakiwa kisajiliwe, kiwe na namba, bima, mwendeshaji mwenye leseni na kofia ngumu. Kwa kuwa hakuna kati ya hayo, polisi wanakichukua papo hapo kwa mamlaka waliyopewa na sheria ya barabarani ya 1988, kama wanavyochukua gari lisilo na bima. Na si baiskeli tu inayokwenda. Kosa la kuendesha bila bima lina faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Dada zangu mnaofanya kazi za kuhudumia wazee majumbani, mliopasi udereva juzi, sikilizeni hapa: mwenye leseni isiyotimiza miaka miwili akipata pointi 6 inafutwa, anaanza upya. Unaazima baiskeli ya mdogo wako ukanunue maziwa, unarudi huna leseni ya gari na kazi ya kuzunguka nyumba za wagonjwa imeishia hapo.

Sasa, wati 250 ni nyingi au kidogo? Vijana wanasema ni kidogo, haipandi mlima na mzigo. Wati 250 ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo bila kuungua. Kwa dakika chache penye mlima mota nyingi halali hutoa zaidi ya hapo. Mtu mzima wa kawaida akikanyaga kwa muda mrefu hutoa kama wati 100 hivi. Kwa hiyo mota halali inakuongezea nguvu zaidi ya mara mbili ya ulizonazo. Mimi naona inatosha. Wamarekani kwa sheria yao ya 2002 wameruhusu wati 750 na maili 20, lakini Marekani barabara ni pana, na kila mtu na nchi yake.

Mwaka 2024 serikali ya hapa iliuliza maoni: je, ipandishwe hadi wati 500, na je, iruhusiwe mota kufanya kazi bila kukanyaga? Wengi wetu hata hatukusikia kwamba tunaulizwa. Januari 2025 ikajibu kwamba haitaendelea na mpango huo. Kuna vijana waliochukizwa. Mimi sikuchukizwa, na nitasema kwa nini.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Kilomita 25 kwa saa ukimgonga bibi wa miaka 78 anayevuka na kikapu chake, ataanguka, anaweza kuvunjika nyonga. Kilomita 50 ni kitu kingine. Na usidhani nyonga ya mzee ni kama mguu wa kijana, unafunga plasta na baada ya wiki sita anacheza mpira. Wengi hawarudi kutembea kama walivyokuwa, wanakaa kitandani, mapafu yanajaa, na huko ndiko wanakoondokea. Na wewe mwenyewe uliyekuwa juu ya baiskeli huna bati la kukukinga. Breki za baiskeli nyingi zilizobadilishwa ni zilezile za mwanzo, zilizotengenezwa kusimamisha mtu anayekwenda kwa miguu yake. Mwenye kufunga mota ya wati 1,000 hajafunga breki za wati 1,000.

Kwa hiyo anayesema sheria hii imetungwa kuwabana weusi na wahamiaji, naomba nimpinge. Kipimo kilichowekwa ni cha haki. Namna kinavyosimamiwa ndiko kwenye shida, na hapa ndipo penye mzizi wa fitina.

Jiulizeni: nani ameiingiza nchini hiyo mota ya wati 1,000? Nani ameitangaza kwenye mtandao, akapokea pesa, akaileta mlangoni kwa siku mbili? Kuiuza si kosa. Anaandika kwa herufi ndogo kwamba ni kwa matumizi ya shamba binafsi tu, biashara imekwisha. Hivi kweli, vijana wote wanaokaa Barking na Peckham wana mashamba? Mwenye duka anajua, kampuni ya mtandao inajua, na polisi anayemsimamisha kijana pale Whitechapel naye anajua. Lakini anayesimamishwa ni mmoja tu.

Halafu tazameni upande wa ushuru. Januari 2019, Uingereza ikiwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, baiskeli za umeme kutoka China ziliwekewa ushuru maalum wa kuzuia bidhaa za bei ya chini mno, ambao kwa baadhi ya viwanda ulifika asilimia 79.3. Baada ya kujitoa Ulaya, Uingereza ikaendelea nao. Ushuru ule ulilenga baiskeli kamili, iliyoundwa kiwandani, ile ambayo mtengenezaji wake anajulikana. Mota peke yake na betri peke yake zikawa zinaingia kama vifurushi. Mzigo wenye thamani isiyozidi pauni 135 hautozwi ushuru wa forodha, na ndiyo kwanza Bajeti ya Novemba 2025 ikatangaza kwamba msamaha huo utaondolewa kufikia Machi 2029. Mnaiona hesabu? Kwa miaka sita kitu salama kilipandishwa bei bandarini, na cha hatari kikapita dirishani.

Februari 2025 ushuru ule uliondolewa kwa baiskeli zisizokunjwa. Zile za kukunjwa ziliachiwa ushuru wake hadi 2029, kwa kuwa huko kuna viwanda vya hapa vya kulinda. Wana viwanda walipoongea walisikilizwa. Sisi hatukuongea.

Lakini hata ushuru ukishuka, kijana wa nyuma kule hawezi kuinunua. Na hili linaniuma kwa sababu mimi ninaweza. Kuna mpango wa kununua baiskeli ya kwendea kazini kupitia mwajiri, ulianza 1999: unakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi, unaokoa pesa nzuri. Muuguzi anapata, karani wa benki anapata. Anayeshinda juu ya baiskeli saa kumi na mbili kwa siku hapati! Hapati kwa sababu kwenye makaratasi hana mwajiri, amejiajiri. Novemba 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba waendeshaji wa Deliveroo hawamo katika uhusiano wa ajira, kwa hiyo hawana haki ya kuilazimisha kampuni ikae meza moja na chama chao. Sibishani na majaji, wamesoma mkataba ulivyo. Nasema tu matokeo yake: anayelipwa kwa kila safari analipwa kwa mwendo. Safari ya tatu ndani ya saa ndiyo faida, ya kwanza na ya pili ni chakula na kodi ya kukodi akaunti ya mtu. Ukimlipa mtu kwa mwendo kisha ukamkamata kwa mwendo, umemtega.

Sasa betri.

Betri hizi za lithiamu zikiwa nzima ni kitu kizuri. Ndani mna seli ndogo ndogo nyingi, kila moja kama betri ya tochi, zimefungwa pamoja, na kuna kibao kidogo cha umeme kinachozilinda zisijazwe kupita kiasi wala kupata joto. Betri ya bei ya kutupa inaweza kuwa na seli kuukuu zilizotolewa kwenye vifaa vingine, na kibao hicho ni duni au hakimo kabisa. Seli moja ikiharibika inapata joto, joto linaharibu ya pembeni, na ya pembeni yake, na ndani ya sekunde chache ni moto unaorusha vipande kama fataki. Moshi wake una sumu. Watu wengi katika moto wa nyumba hawauawi na ndimi za moto, wanauawa na moshi wakiwa bado wanatafuta mlango.

Na mlango ndiyo shida yenyewe. Baiskeli inachajiwa wapi? Koridoni, kwa sababu chumba kina vitanda vinne. Ikilipuka imeziba njia pekee ya kutokea. Mwaka 2023 Zimamoto wa London walihudhuria mioto 143 ya baiskeli za umeme na 36 ya skuta za umeme, na watu watatu walifariki. Mmoja wao alifariki kutokana na moto wa Shadwell, mwezi Machi mwaka huo, kwenye fleti ndogo iliyosheheni wapangaji kuliko uwezo wake. Shadwell si mbali na hapa tulipokaa. Aliyefariki hakuwa Mtanzania wala Mkongo, alitoka Bangladesh, lakini maisha yale ya kulala kwa zamu nani hapa hayajui?

New York walikuwa na hali mbaya kuliko yetu. Mwaka 2023 peke yake mioto 268 na vifo 18. Walichofanya ni kuanza na muuzaji: kuanzia Septemba 2023 ni marufuku katika jiji hilo kuuza au kukodisha baiskeli ya umeme au betri isiyopimwa na kuthibitishwa kwa viwango vya usalama. Mwaka 2024 mioto ilikuwa 277, haikupungua, maana betri za zamani bado zipo majumbani. Lakini vifo vilishuka hadi 6. Sisemi ni sheria hiyo tu iliyofanya hivyo, walitoa na elimu, na zimamoto wao walikagua maduka. Oktoba 2025 wakaongeza na kikomo cha maili 15 kwa saa, wakati wenzetu wa huko walikuwa wamezoea maili 20 na zaidi, na makelele yakawa mengi. Lakini angalau walianza dukani.

Hapa Uingereza kuna sheria mpya ya usalama wa bidhaa iliyopitishwa Julai 2025. Inawapa mawaziri uwezo wa kutunga kanuni za kuwabana hata wenye masoko ya mtandaoni. Uwezo si kanuni. Kanuni zinaandikwa baada ya watu kusukuma, na wa kusukuma ni pamoja na sisi tuliokaa hapa tukisubiri pilau.

Mtaniuliza, nyumbani inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Bodaboda ilianza kama baiskeli, pale mpakani mwa Kenya na Uganda, ikibeba watu kuvuka kutoka mpaka hadi mpaka. Kisha zikaja pikipiki. Kenya mwaka 2008 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na Tanzania mwaka 2010 ikatoa kanuni za kuzipa leseni pikipiki na bajaji za abiria. Vijana walipata kazi, hilo halina ubishi, na mama mjamzito wa kijijini akapata usafiri usiku. Lakini chombo kilipita bandarini haraka kuliko mafunzo yalivyofika kijijini. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi Dar es Salaam, wodi ya mifupa ilikuwa na vijana wa rika langu wamelala hadi chini kwenye magodoro, miguu imening'inizwa na uzito. Manesi waliokuwa zamani pale walituambia wodi hiyo zamani ilikuwa na wazee walioanguka na watoto waliodondoka miembeni. Bajeti ya nchi ilisomwa Bungeni, sisi tukaisoma kwenye vitanda.

Sasa zamu ya umeme imefika. Rwanda iliwaondolea kodi wenye vyombo vya umeme mwaka 2021, na kuanzia Januari 2025 haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria Kigali. Kenya kupitia sheria yake ya fedha ya 2023 iliweka baiskeli na pikipiki za umeme na betri za lithiamu kwenye kiwango cha sifuri cha kodi ya ongezeko la thamani. Mimi nafurahi, moshi wa mjini ninaujua na pumu ya watoto ninaijua. Wasiwasi wangu ni kwamba dunia ikifunga milango kwa betri mbovu, betri hizo hazitayeyuka. Zitatafuta bandari. Nguo za mitumba tulipokea, friji mbovu tulipokea, kompyuta zilizokufa tulipokea kwa jina la msaada. Na humu humu ukumbini wapo wanaojaza makontena. Kaka yangu, unapopakia betri kuukuu kumi za kumpelekea mdogo wako Tandika afungue duka, unampelekea nini? Nyumba zetu za uswahilini zimeshikana ukuta kwa ukuta, na gari la zimamoto halipiti kwenye uchochoro.

Kwa hiyo ombi letu kwa waheshimiwa wa nyumbani lingekuwa moja tu, kipimo kiwe bandarini. Betri isiyo na jina la kiwanda na cheti cha kupimwa isiingie. Wakingoja mpaka ifike kwa kijana kisha wamtume trafiki, tutakuwa na trafiki tajiri na wodi iliyojaa, na mchezo huo tumeshauona.

Hapa tulipo, Ndugu Mwenyekiti, nimeandika barua kwa wabunge wetu, nakala zipo mezani karibu na birika. Inaomba mambo machache: muuzaji na soko la mtandao wawajibike kwa mota zinazozidi kipimo na betri zisizopimwa; kampuni za chakula zikague baiskeli zinazobeba mizigo yao na zichangie gharama ya zile halali; na halmashauri ziweke sehemu za kuchajia nje ya nyumba. Mwenye kupiga kura hapa, asaini. Asiyepiga kura pia asaini, mbunge ni wa wote wanaoishi katika eneo lake.

Na nyie vijana wangu, leo usiku kabla hamjalala. Baiskeli yako inatakiwa iwe na alama inayoonyesha nguvu ya mota au jina la mtengenezaji, na volti za betri au mwendo wa juu. Kama haina, jua ulichonacho. Tumia chaja iliyokuja na betri hiyo hiyo, si ya rafiki kwa sababu tundu limeingia. Usichaji umelala, wala koridoni. Betri ikivimba, ikinuka au ikitoa mlio, usiiguse kuiokoa: tokeni wote, fungeni mlango nyuma yenu, piga 999. Mtu akiungua, maji ya bomba ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20, hata kama analalamika baridi. Si asali, si dawa ya meno, si yai. Kisha funika kwa nailoni nyembamba ya kufunikia chakula. Na mtu aliyetoka kwenye moshi akiwa na masizi puani au sauti imekwaruza, hata akisema yuko sawa na anataka kurudi kazini, mleteni hospitali haraka, maana koo linaweza kuvimba na kufunga saa chache baadaye.

Baada ya chai nitakuwa pale nje kwenye maegesho. Atakayetaka nimtazamie chaja na betri yake aje nayo. Siulizi makaratasi, siulizi akaunti ni ya nani.

Maswali, Ndugu Mwenyekiti. Na yule mzee wa shinikizo la damu naye anaweza kuuliza.